Blokucheni na kitambulisho: Namna ya kuthibitisha bila kujianika

Leseni ya udereva ya jimbo la Texas, nchini Marekani, hubeba jina kamili la mwenyewe, anwani ya nyumba yake, tarehe ya kuzaliwa, jinsia, urefu, rangi ya macho, picha na saini.

Muuza vinywaji katika mji wa Pearland anapoomba kuiona leseni hiyo, anachohitaji kujua ni jambo moja tu: iwapo mteja aliye mbele yake ametimiza umri wa miaka 21.

Hata hivyo, mteja humkabidhi yote. Hawezi kuonyesha umri na kuficha anwani, kwa kuwa kadi haina sehemu za kufunika na kufunua.

Wataalamu wa kompyuta wametafuta ufumbuzi wa tatizo hilo kwa miaka mingi. Katika muongo uliopita, blokucheni, teknolojia inayotumiwa na sarafu ya Bitcoin, ilianza kutajwa kuwa mojawapo ya njia za kulitatua.

Makala haya yanaeleza jinsi mfumo huo unavyofanya kazi, mahali ulikojaribiwa kuanzia Texas hadi Nairobi, na mambo ambayo hauwezi kuyafanya.

Kwa nini jambo hili linawahusu wahamiaji

Pearland iko kusini mwa Houston. Barabara kuu namba 288 huiunganisha na Texas Medical Center, eneo lenye mkusanyiko mkubwa wa hospitali na vyuo vya tiba.

Kwa muuguzi aliyesomea Nairobi, Kampala au Dar es Salaam kisha akahamia huko, utambulisho si kadi moja.

Ni pasipoti, kibali cha ukaazi, cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, matokeo ya mitihani, stashahada ya uuguzi na usajili wa baraza la wauguzi la nyumbani. Kila kimoja kina ofisi yake na muhuri wake.

Ili aruhusiwe kufanya kazi, elimu yake sharti ichunguzwe na taasisi inayotambuliwa na Bodi ya Wauguzi ya Texas. Nyaraka hutakiwa zitoke moja kwa moja chuoni alikosoma, si mkononi mwake. Aidha, ni lazima afaulu mtihani wa NCLEX.

Sababu ya masharti hayo inaeleweka, kwani karatasi ni rahisi kughushi.

Mwezi Aprili mwaka 2017, aliyekuwa Rais wa Tanzania, John Magufuli, aliagiza watumishi wa umma 9,932 waondolewe kazini baada ya uhakiki kubaini kuwa walikuwa na vyeti vya kughushi. Nchini Kenya, Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza Februari 2024 kwamba ilikuwa imegundua vyeti bandia 2,067.

Lakini gharama ya udanganyifu wa wachache huwaangukia wengi walio waaminifu. Muuguzi halali husubiri barua kutoka masjala ya chuo kilicho umbali wa maelfu ya kilomita. Chuo kikichelewa, au kikiwa kimefungwa, yeye ndiye anayekosa kazi.

Blokucheni ni nini?

Blokucheni ni daftari la kidijitali ambalo nakala zake hutunzwa na kompyuta nyingi kwa wakati mmoja, pasipo mtu mmoja kuwa mwenye daftari.

Kumbukumbu hukusanywa katika mafungu. Kila fungu hutiwa alama ya kihesabu inayotokana na yaliyomo ndani yake pamoja na alama ya fungu lililotangulia. Hivyo mafungu hushikana kama pete za mnyororo.

Mtu akibadili herufi moja katika fungu la zamani, alama yake hubadilika na mafungu yote yanayofuata hayaoani tena. Wenye nakala nyingine hugundua mara moja.

Wazo hilo lina umri mkubwa kuliko Bitcoin. Mwaka 1991 watafiti Stuart Haber na W. Scott Stornetta walipendekeza kuunganisha alama za nyaraka kwa namna hiyo, ili mtu asiweze kurudisha nyuma tarehe ya hati yake. Bitcoin ilianza kufanya kazi Januari 2009.

Pande tatu za cheti

Mfumo wa utambulisho wa kidijitali una pande tatu.

Wa kwanza ni mtoaji, kama vile chuo, wizara au mamlaka ya leseni. Wa pili ni mwenye cheti, ambaye hukitunza katika pochi ya kidijitali ndani ya simu yake. Wa tatu ni mhakiki, yaani mwajiri, benki au muuza duka anayetaka kuthibitisha jambo.

Mtoaji hutia cheti saini ya kidijitali kwa kutumia ufunguo wa siri alio nao yeye peke yake. Mhakiki huikagua saini hiyo kwa ufunguo mwingine, ulio wazi kwa kila mtu.

Swali ni moja: mhakiki aliye Houston atajuaje kwamba ufunguo huo wa wazi kweli ni wa chuo cha Kampala, wala si wa tapeli?

Hapa ndipo blokucheni inapoingia. Ufunguo wa chuo huandikwa kwenye daftari la pamoja, ambako hakuna awezaye kuubadilisha kimyakimya. Taarifa za vyeti vilivyobatilishwa pia zinaweza kuwekwa humo.

Jambo ambalo mara nyingi halieleweki ni kwamba, katika mfumo uliobuniwa vizuri, jina la mtu, alama zake za mtihani au tarehe yake ya kuzaliwa haviandikwi kwenye blokucheni. Hivyo hubaki simuni mwake.

Faida kwa mwenye cheti ni kubwa. Mhakiki halazimiki kupiga simu chuoni, na chuo hakijui mhitimu wake ameomba kazi wapi. Hata chuo kikifungwa, saini iliyokwisha kutolewa inaweza kuendelea kukaguliwa maadamu daftari lipo.

Shirika la W3C, linaloweka viwango vya mtandao wa intaneti, lilipitisha kiwango cha vyeti vya aina hiyo mwaka 2019, na kiwango cha vitambulishi visivyo na msimamizi mmoja mwaka 2022.

Kufunua kwa kuchagua

Kuna njia mbili kuu za kuonyesha sehemu ya cheti na kuficha iliyobaki.

Njia ya kwanza inafanana na bahasha. Mtoaji hufunga kila kipengele peke yake, jina katika bahasha moja, anwani katika nyingine, kisha hutia saini juu ya orodha ya alama za bahasha zote.

Mwenye cheti hufungua bahasha moja tu mbele ya mhakiki. Mhakiki huona kwamba bahasha hiyo imo katika orodha iliyotiwa saini, na hapati kusoma nyingine.

Kipengele chenyewe kinaweza kuwa kifupi kuliko tarehe ya kuzaliwa. Kinaweza kusema tu kwamba mhusika ametimiza miaka 21.

Njia ya pili hutumia hesabu ngumu zaidi, iliyoelezwa mwaka 1985 na Shafi Goldwasser, Silvio Micali na Charles Rackoff. Humwezesha mtu kuthibitisha kwamba anajua jambo, bila kulitaja jambo lenyewe.

Chukua mfano wa khanga mbili zinazolingana kwa kila kitu, ila moja ni nyekundu na nyingine ya kijani. Rafiki yako hatofautishi rangi hizo, wala haamini kwamba khanga hizo zinatofautiana.

Anazificha mgongoni, anazibadilisha mikono au anaziacha zilivyo, kisha anakuonyesha. Wewe unamwambia kama amebadilisha. Ukijibu sawasawa mara 20 mfululizo, uwezekano kwamba umebahatisha ni chini ya mara moja katika milioni.

Rafiki huyo ataamini kwamba khanga zinatofautiana, na bado hatajua ipi ni nyekundu. Ndivyo kompyuta inavyoweza kuthibitisha kwamba mtu ametimiza umri, ana leseni halali au ni mkazi wa mji fulani, bila kutaja zaidi ya hayo.

Jambo hili si la nadharia tu huko Texas. Mwaka 2023 jimbo hilo lilipitisha sheria inayozitaka tovuti zenye picha za ngono zihakiki umri wa wanaozitembelea, na tarehe 27 Juni 2025 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani iliidumisha.

Wapinzani wa sheria hiyo walihofia kumbukumbu zitakazobaki: nani alifungua nini, lini, na kwa kitambulisho gani. Uthibitisho wa umri usiotaja jina ungepunguza hofu hiyo, ingawa haungeiondoa yote.

Majaribio ya Marekani na Ethiopia

Mwaka 2017 Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, MIT, iliwapa wahitimu 111 shahada za kidijitali katika jaribio lililotumia blokucheni. Mhitimu aliweza kumtumia mwajiri shahada yake, na mwajiri akaikagua mwenyewe bila kuandikia chuo.

Mwaka 2018 jiji la Austin, mji mkuu wa Texas, lilikuwa miongoni mwa miji 35 ya Marekani iliyopewa hadi dola 100,000 kila mmoja na shirika la Bloomberg Philanthropies ili kujaribu mawazo mapya.

Wazo la Austin lilikuwa kuwapa watu wasio na makazi utambulisho unaotumia blokucheni. Mtu anayelala nje hupoteza karatasi zake kwa mvua, kwa wizi au katika operesheni za kusafisha mitaa, na bila karatasi hapati kazi, nyumba wala huduma nyingi.

Mwezi Aprili 2021, kampuni ya IOHK, iliyo nyuma ya blokucheni ya Cardano, ilitangaza makubaliano na Wizara ya Elimu ya Ethiopia ya kuweka kumbukumbu za wanafunzi milioni tano katika shule 3,500.

Tangazo hilo lilivuma duniani kote. Hata hivyo, kitambulisho cha taifa cha Ethiopia, kiitwacho Fayda, kimejengwa juu ya MOSIP, programu huria iliyoanzia Bangalore, India, ambayo haitegemei blokucheni.

New York nayo ilizindua pasi ya chanjo ya Uviko-19 mnamo Machi 2021, kwa teknolojia ya kampuni ya IBM iliyohusisha blokucheni. Huduma hiyo ilikomeshwa mwaka 2023.

Mifano hiyo inaonyesha kwamba teknolojia inawezekana. Inaonyesha pia kwamba daftari lisilofutika linaweza kuishi maisha mafupi, pale fedha au nia ya kulitunza inapokwisha.

Funzo la Nairobi

Jaribio lililowagusa Waafrika Mashariki wengi zaidi lilikuwa la Worldcoin, mradi ambao mmoja wa waasisi wake ni Sam Altman.

Mwishoni mwa Julai 2023, maelfu ya watu walipanga foleni katika jumba la mikutano la KICC jijini Nairobi, ili mboni za macho yao zipigwe picha na kifaa chenye umbo la tufe. Walipewa sarafu za kidijitali zenye thamani ya takriban shilingi 7,000 za Kenya.

Mradi ulieleza kuwa lengo lake ni kumwezesha mtu kuthibitisha kwamba ni binadamu halisi bila kutaja jina lake. Kwa maneno mengine, ulidai kutoa faragha ileile inayozungumzwa katika makala haya.

Tarehe 2 Agosti 2023 serikali ya Kenya iliusimamisha. Kufikia wakati huo zaidi ya Wakenya 350,000 walikuwa wamekwisha kujiandikisha.

Tarehe 5 Mei 2025, Jaji Roselyne Aburili wa Mahakama Kuu ya Kenya aliamua kwamba taarifa hizo zilikusanywa kinyume cha sheria, akaagiza zifutwe ndani ya siku saba chini ya usimamizi wa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Kesi hiyo ilikuwa imefunguliwa na taasisi ya Katiba Institute pamoja na wengine.

Hoja za mahakama hazikuhusu ubora wa hesabu za kompyuta. Zilihusu kutofanyika kwa tathmini ya athari inayotakiwa na sheria, na ridhaa iliyopatikana kwa kushawishi watu kwa malipo.

Siku chache kabla ya hukumu hiyo, mradi huohuo, ambao sasa unaitwa World, ulikuwa umefungua milango nchini Marekani katika miji sita. Mmojawapo ni Austin, Texas.

Jimbo la Texas lina sheria ya mwaka 2009 inayozuia kuchukua alama za mwili wa mtu kwa ajili ya biashara bila kumwarifu na kupata ridhaa yake. Kampuni ya Meta ilikubali mwaka 2024 kulilipa jimbo hilo dola bilioni 1.4 ili kumaliza kesi iliyohusu kutambua nyuso za watu katika picha.

Mambo ambayo mnyororo hauwezi kuyafanya

Blokucheni hulinda kilichoandikwa. Haiwezi kujua iwapo kilichoandikwa ni kweli.

Januari 2023 waendesha mashtaka wa Marekani walitangaza kuwashtaki watu 25 katika majimbo kadhaa, Texas likiwemo, kwa kuhusika na mauzo ya stashahada za uuguzi zaidi ya 7,600 za uongo. Vyuo vitatu vya Florida vilivyotoa karatasi hizo havikuwa vya kubuni.

Laiti stashahada hizo zingetiwa saini ya kidijitali na kuandikwa kwenye mnyororo, zingeonekana halali kabisa. Udanganyifu ulikuwa kwa mtoaji mwenyewe, si njiani.

Tatizo la pili ni la wale ambao mtoaji anakataa kuwatambua.

Wanubi wa Kenya, wazao wa askari wa Kisudani walioletwa na jeshi la kikoloni la Uingereza, wameishi Kibera kwa zaidi ya karne moja. Hata hivyo, kwa miaka mingi vijana wao walilazimika kufika mbele ya kamati za uhakiki kabla ya kupewa kitambulisho, jambo ambalo vijana wa makabila mengine mengi hawakutakiwa kulifanya.

Shirika la Nubian Rights Forum lilikuwa miongoni mwa waliokwenda mahakamani kupinga mpango wa Huduma Namba. Tarehe 30 Januari 2020, majaji watatu wa Mahakama Kuu walizuia ukusanyaji wa vinasaba na mahali mtu anapoishi kwa vipimo vya satelaiti, wakataka kuwe na sheria madhubuti kabla ya mpango kuendelea.

Oktoba 2021, Jaji Jairus Ngaah alibatilisha utoaji wa kadi hizo kwa kuwa tathmini ya athari kwa faragha haikufanywa.

Wakazi wa kaskazini mashariki mwa Kenya walipita katika uhakiki wa ziada unaofanana na huo, hadi Rais William Ruto alipotangaza kuufuta mwezi Februari 2025 akiwa Wajir.

Nchini Uganda, ripoti ya mwaka 2021 ya mashirika ya haki, likiwemo ISER, ilieleza jinsi wazee walivyokosa ruzuku ya serikali kwa sababu hawakuwa na kitambulisho cha taifa, au kwa kuwa kumbukumbu zao zilikuwa na makosa.

Kwa watu hao, swali la kufunua kwa kuchagua halijafika. Hawana cha kufunua.

Tatizo la tatu ni kwamba kisichofutika hakisahihishwi kwa urahisi. Sheria ya ulinzi wa data ya Kenya ya mwaka 2019, ya Uganda ya mwaka huohuo na ya Tanzania ya mwaka 2022 zote zinatambua haki ya mtu kutaka taarifa zake zirekebishwe.

Hata kuweka alama ya kihesabu ya namba ya kitambulisho badala ya namba yenyewe si kinga. Namba za kitambulisho zinahesabika, na kompyuta ya kawaida inaweza kuzijaribu zote hadi ipate inayolingana.

Je, blokucheni ni lazima?

Jibu ni hapana.

Leseni ya udereva ya simu, kwa kiwango cha kimataifa kilichochapishwa mwaka 2021, humwezesha mtu kuonyesha umri peke yake. Haitumii blokucheni. Hutumia saini za kidijitali na orodha ya funguo za mamlaka zinazoaminika.

Umoja wa Ulaya nao ulipitisha sheria mwaka 2024 inayoitaka kila nchi mwanachama iwape watu wake pochi ya utambulisho ifikapo mwisho wa mwaka 2026. Sheria hiyo inadai uwezo wa kufunua kwa kuchagua, lakini hailazimishi blokucheni.

Mnyororo una manufaa zaidi pale ambapo watoaji ni wengi, wako katika nchi mbalimbali, na hakuna ofisi moja inayokubaliwa na wote kutunza orodha ya funguo. Vyeti vya vyuo vya Afrika Mashariki vinavyohakikiwa Houston au Dallas ni mfano wa hali hiyo.

Maswali ya kuuliza kabla ya kujiandikisha

Mtu anayeombwa kujiunga na mfumo wowote wa utambulisho wa kidijitali, awe Pearland, Mombasa au Mwanza, anaweza kujilinda kwa kuuliza maswali machache.

• Taarifa zangu zitakaa wapi: simuni mwangu, katika kompyuta ya kampuni, au kwenye blokucheni yenyewe?

• Je, naweza kuonyesha kipengele kimoja na kuficha vingine, au mhakiki hupata nakala ya cheti chote?

• Je, mahali pawili ninapoonyesha cheti panaweza kulinganisha kumbukumbu na kujua kwamba ni mimi yuleyule?

• Simu ikipotea au kuibwa, nitarejeshewaje vyeti vyangu, na nani mwingine ataweza kuvitumia?

• Kukiwa na kosa katika jina au tarehe, ni ofisi gani yenye wajibu wa kulisahihisha, na ndani ya muda gani?

• Nikikataa kujiunga, bado nitapata huduma kwa karatasi za kawaida?

Swali la mwisho ndilo lenye uzito zaidi. Mahakama ya Nairobi ilikataa ridhaa iliyonunuliwa kwa sarafu. Ridhaa ya mtu anayejua kwamba akikataa hatatibiwa, hatalipwa au hatasajiliwa haina tofauti kubwa na hiyo.

Kama muuza vinywaji wa Pearland ataridhika na jibu la ndiyo au hapana, mteja wake atabaki na anwani yake. Lakini sheria ndiyo itakayomzuia muuzaji asidai zaidi ya hapo. Hesabu za kompyuta peke yake hazitaweza.